Zulia Linatazamwa Mgongoni

Longino alitoka kijijini kwao Gashoho na zulia begani, limefungwa kwa kamba ya mgomba, limefuliwa mpaka likanukia sabuni. Mkewe Melania ndiye aliyeshikilia lifuliwe: kitu kichafu hakipelekwi kwa watu. Kijana wao Elikana alikuwa amepata mchumba, na wakwe walitaka ng'ombe, si maneno. Zulia likiuzwa mjini Gitega, ng'ombe anapatikana. Lisipouzwa, harusi ndiyo hiyo imeota mbawa.

Zulia lilikuwa la marehemu mama yake, Adventina. Alipewa na Uthmani, mfanyabiashara wa Muyinga ambaye Adventina alikuwa mpishi wake, na vita vilipozuka akakimbia nalo hadi kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko walilala njaa, na kila Longino alipouliza kwa nini lisiuzwe, alijibiwa, "Huyu ndiye ng'ombe wetu. Ng'ombe hauzwi kwa njaa ya siku moja."

Pale Gitega, mtaa wa Yoba, Mama Bulonza, Mkongomani anayenunua vitu vya zamani, alimsikiliza habari za harusi, kisha akalipindua zulia kifudifudi.

"Mama, upande mzuri ni ule," Longino akasema kwa upole, akidhani mwenzake kakosea.

"Papa, mbele iko ya kudanganya macho. Mi nasoma nyuma."

Tangu lini ng'ombe ananunuliwa kwa kutazamwa tumbo? Mama Bulonza akapapasa mafundo kwa ukucha, akachomoa uzi, akauchoma kwa kiberiti, akaunusa. "Iko manyoya ya kondoo, voilà." Akatabasamu palipoota upara, akanuna aliponusa sabuni. Longino alichanganyikiwa kabisa: palipochakaa panasifiwa, palipotakata panalaumiwa! Dunia ina mambo.

Kisha akasugua zulia kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kilibaki cheupe kote, ila penye pembe moja kikatoka chekundu.

"Rangi ya kizamani haitoki, hii inatoka. Hapa nani alishona?"

"Mama yangu. Palitoboka kwa moto kule kambini, akafumua sweta yangu ya utotoni akapaziba." Longino alijibu kwa maringo, maana kwake hapo ndipo pazuri kuliko pote.

"Inaharibu yote. Nitaitoa, fundi wangu ajaze na uzi ya kizamani. Ingine yote iko bien. Ng'ombe yako utapata, papa."

Longino hakujua acheke au alie. Kumbe mama yake hakusema uongo, ng'ombe alikuwepo miaka yote ile ya njaa. Lakini kipande pekee alichokitia mkono wake ndicho kisicho na thamani! Alitaka kusema hauzi. Akamkumbuka Elikana.

"Basi kitoe sasa hivi, mbele yangu," akasema.

Mama Bulonza akafumua kwa sindano, taratibu, na Longino akaokota kila uzi.

Alipofika nyumbani alimwambia Melania wakachague ng'ombe sokoni. Kisha akatoa mfukoni rundo la uzi mwekundu, akauliza kama linatosha kofia ya mtoto.

"Mtoto gani, baba Elikana? Mwanao hata hajaoa."

"Najua," Longino akasema. "Lakini linatosha?"