Mistari ya Sarafu Mgongoni mwa Mzee Wagiman

Bi Suginem wa Bantul alitongozwa upya na mumewe uzeeni, na jamani, hakukataa! Mzee Wagiman, mfuga njiwa waimbaji, alikuwa ameanza kusahau kila kitu, mke akiwemo. Asubuhi anamkodolea macho: "Dada, umeolewa?"

"Nimeolewa, ila mume mwenyewe bure tu."

"Muache basi, uje kwangu."

Bi Suginem anacheka weee, halafu anaenda jikoni kulia.

Mtoto wao Prasetyo alishaamua. "Mama, ubongo wa Baba umezeeka, hauna dawa. Nampeleka mjini Surabaya, kuna nyumba ya kutunza wazee. Njiwa tunauza."

"Kamuuze mama mkwe wako kwanza!"

Kabla ya safari wakampitisha hospitali apimwe. Daktari Retno akamvua shati amsikilize mapafu. Heee! Mgongo mzima mistari myekundu, pundamilia kabisa.

"Bibi, umemkwangua kwa sarafu?"

"Si upepo umemwingia, mwanangu? Kichwa kikimuuma nampaka mafuta, namkwangua, upepo unatoka."

"Kinamuuma tangu lini?"

"Ah, tangu kabla hajaanza kusahau."

"Na hamkusema?"

"Sasa upepo nao ni wa kumsumbulia daktari?"

Retno alikuwa anatabasamu, akaacha. Kusahau kwa uzee hakuji na kichwa kuuma hivyo miezi na miezi. Akaagiza picha ya kichwa, kisha wakamtoa mzee maji ya uti wa mgongo. Wakakuta kuvu, ile inayoota kwenye kinyesi cha ndege, imejikalia kichwani mwa mzee kama mgeni asiyejua kuaga.

"Huyu mgeni anafukuzika," Retno akasema. "Dawa zipo."

Dripu zikaanza, wiki baada ya wiki. Prasetyo yuko kwenye korido na simu, anawaambia watu wa Surabaya wasubiri kidogo. Bi Suginem anasubiri kitu kimoja tu: aitwe jina lake.

Mchana mmoja anamlisha uji, mzee akakunja uso.

"Suginem, huu uji kapika nani? Hauna ladha, kama mwanao."

Kijiko kikaanguka. Bi Suginem akapiga kelele wodi nzima ikageuka:

"Prasetyo! Njoo, baba yako anakutukana vizuri kabisa! Waambie Surabaya kitanda wampe mwingine. Na wewe katafute barakoa, kuanzia leo vizimba vya njiwa unasafisha wewe!"