Walicheka Huku Mwanangu Akiishiwa Pumzi

Nimewahi kupigiwa makofi na ukumbi mzima wakati nikimtoa mwanangu kwenye kifo.

Walisimama kabisa. Wengine wakapiga miluzi.

Hakuna hata mmoja aliyesogea kuja kunisaidia.

Ngoja niwaeleze. Mimi nina diploma ya ugavi, natunza stoo ya kiwanda cha sabuni, na watoto wangu nimewalea kwa sauti na kandambili. Kitindamimba ndiye aliyeniponyoka, akaingia kwenye maigizo. Mwembamba kama ufito, ana pumu tangu utotoni. Wenzake kwa kejeli wakambandika jina Chuma.

Mwanzoni kikundi chao kilikuwa cha michezo mizito, ya kuliza watu. Watu wenyewe hawakuja.

"Tunaigizia viti, mama," aliniambia. "Na viti havilii."

Walikuwa na neno lao la hatari: kiberiti.

Mwenzao mmoja aliwahi kuvunjika mguu jukwaani, watazamaji wakadhani ndiyo maigizo. Basi wakakubaliana: ukiumia kweli, sema "kiberiti", maana halimo kwenye mchezo wao wowote. Mvuta pazia akilisikia, anafunga hapohapo. Hakuna maswali.

Mpango wa maana. Niliwasifu, na mimi sisifu ovyo.

Sasa siku moja dada anayeigiza mama mkwe akateguka mguu katikati ya onyesho.

"Kiberiti!"

Mvuta pazia alikuwa chooni.

Chuma akaona pengo, akalirukia: "Kiberiti cha nini, mama mkwe? Si umeshaniunguza vya kutosha!"

Ukumbi ukalipuka.

Onyesho lililofuata watu walikuja wakilidai neno lenyewe. Wakalitia ndani ya mchezo. Mkwe, ambaye ni Chuma, anajificha sandukuni, mama mkwe anakalia mfuniko na kuimba, jamaa analia gizani, "Nipeni kiberiti!" Ukumbi unamjibu, "Hatukupi!"

Viti vikaanza kujaa.

"Na mtu akiumia kweli, atasemaje?" nilimuuliza, nampigia pasi shati.

"Tutatafuta neno jingine."

"Lini?"

"Mama naye! Hii ni sanaa, siyo stoo yako."

Nikakandamiza pasi. Shati likaungua kola.

Jioni ya tukio walikuwa wamepata ukumbi mkubwa kuliko wote. Nilikaa safu za katikati.

Lile sanduku matundu yake ya hewa yalikuwa nyuma. Nikaona wamelibana ukutani, na juu wametandika zulia zito lipendeze. Nikajisemea, labda wenyewe wanajua.

Chuma akaingia. Mama mkwe akaketi, akaanza wimbo wake.

"Kiberiti!"

"Hatukupi!"

"Nipeni... kiberiti..."

"Hatukupiii!"

"Kibe..."

Nikashika kiti cha mbele yangu.

Namjua mwanangu akibanwa. Hapandishi sauti. Anaipunguza, kama mtu anayebana matumizi.

Nikasimama. "Mtoeni! Amebanwa na pumu!"

Baba mmoja wa nyuma akanivuta nguo. "Mama, kaa, unatuziba."

"Yule ni mwanangu!"

"Wote ni wanetu, mama," akadakia mwingine. Kicheko safu nzima.

Nikakanyaga miguu ya watu mpaka jukwaani. Wakadhani nimepangwa kwenye mchezo.

"Mama mzazi huyo! Leo patachimbika!"

Mama mkwe akaninong'oneza bila kusogeza midomo, "Mama, vipi? Unaharibu onyesho."

"Inuka."

"Wimbo haujaisha."

Nikamsukuma. Dada mzima na uzito wake akabingirika, sketi ikamfunika kichwa. Watu wakapagawa.

Nikafunua.

Midomo ya kijivu. Macho yamemtoka. Kucha zina damu kwa kukwaruza mbao.

"Anakufa!" niliwapigia kelele.

Makofi. Nawaapia, makofi.

Hapo nikaelewa kwamba lolote nitakalosema, watalicheka. Nikaacha kusema. Nikamvuta kwapani, nikamkalisha, nikamwinamisha mbele, nikachana shati.

Mama mkwe alipoinuka, akaiona ile midomo. Uso ukambadilika chini ya poda yote ile. Akatimua mbio nyuma ya jukwaa, akarudi na kipampu cha pumu kutoka kwenye suruali aliyoivua Chuma.

Nikampulizia. Hamna kitu.

Nikampulizia tena. Kifua kikapanda.

Ndipo pazia likafungwa. Upande wa pili bado walikuwa wanashangilia.

Hospitalini, kwenye korido, nikamtolea uvivu mwongozaji wao.

"Neno la kuokoa watu mmelifanya kichekesho! Una akili wewe?"

Akaniacha nimalize.

"Mama, mimi nilishalifuta kwenye mchezo. Chuma ndiye aliyelirudisha. Alisema likitoka, na yeye anatoka."

"Muongo."

"Muulize mvuta pazia. Leo kabla hatujaanza alimuuliza Chuma, kaka, ukizidiwa humo ndani tutajuaje?"

"Akajibuje?"

Akatazama mlango wa wodi.

"Alisema, mtajua. Watu watakuwa wameacha kucheka."

Nikamwacha hapo koridoni.

Nikaingia wodini. Chuma aliponiona akaisogeza barakoa ya hewa pembeni. Nilidhani ataniomba msamaha. Au walau atasema asante, mama.

"Mama," akasema, sauti haifiki hata mlangoni. "Walicheka?"

"Mpaka mwisho."

Akatabasamu.

Midomo ya kijivu nilishaizoea tangu utotoni mwake. Lile tabasamu ndilo lililoniogopesha.

Nikamrudishia barakoa usoni, nikaishikilia kwa nguvu, asije akaniuliza lingine.

Somo langu ni fupi. Msanii, furahisha watu, ni kazi halali, hata mimi napenda kucheka. Lakini bakiza kitu kimoja kisichouzwa kwa kicheko, maana siku utakayokihitaji hakuna atakayekuamini.

Na wewe uliyekaa kwenye kiti: ukimsikia mama anasema mwanangu anakufa, nyamaza kwanza.

Utacheka baadaye.