Gae Lililorudi Baridi

Mwalimu Winifred alimwibia Mukandekezi hadithi ya maisha yake, akaichapa kitabuni, kisha akaandika kwamba haina mwenyewe.

Mukandekezi ni mpishi wa shule moja huko Kinyinya. Alikulia ng'ambo ya mpaka, Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, na darasa alilionea dirishani tu, mdogo wake akiwa mgongoni. Kiswahili alikipata kwa masikio. Ndiyo maana Winifred, aliyekuwa akifundisha Kiswahili pale, alipenda kuketi naye wakichambua maharage.

"Dada, nipe hadithi moja. Watoto wangu wamemchoka sungura."

Akampa ya gae. Palikuwa na mjane ambaye moto wake haukuzimika. Kila alfajiri majirani walituma watoto na gae la chungu kuchukua makaa kwake, na desturi ilikuwa kwamba mtoto akifika nyumbani, kabla ya kuwasha, ataje moto umetoka kwa nani. Msimu mmoja wa mvua mjane akaugua, na moto ukazimika. Binti yake akazunguka na gae nyumba kwa nyumba, akarudi nalo baridi. Mukandekezi hakusema kwamba binti huyo ni yeye. Kinywa kilitaka, moyo ukaona haya. Hilo analijutia mpaka leo.

Analijutia na la pili. Wiki iliyofuata Winifred alileta karatasi na wino. "Weka kidole hapa, ni ruhusa tu." Mukandekezi alitaka kusema nisomee kwanza, lakini mpishi mwenzake Mukantwari alikwisha kuanza kucheka: "Mama Ishimwe, hicho kidole kitahitimu lini?" Akakibandika upesi ili aibu ipite.

Mwaka jana Ishimwe, binti yake wa miaka kumi, alirudi na kitabu cha kusoma, akaanza na maswali.

"Mhusika mkuu katika hadithi ya gae la makaa ni nani?"

"Binti aliyebeba gae," alijibu mama yake huku akimenya ndizi.

Ishimwe akainua kichwa. "Nani amekusomea? Haya, mandhari. Yaani inatokea wapi?"

"Karagwe, wakati wa mvua."

"Umekosa. Hapa ni kijiji cha kale. Na dhamira, yaani inatufunza nini?"

"Kwamba anayewapa wote moto aweza kufa kwa baridi."

"Umekosa tena, mama. Majirani wanaleta makaa, mjane anapona."

Mukandekezi akaweka kisu chini. "Mtunzi wameandika nani?"

"Hakuna. Ni hadithi ya mapokeo, imeandikwa na Mwalimu Winifred. Mapokeo ni ile isiyojulikana nani aliianza."

Winifred alikuwa amehamia shule nyingine, Remera, nyuma ya mtaa wa Gisimenti. Mukandekezi alimfuata huko kwa miguu, kitabu kikiwa ndani ya kitenge.

"Dada yangu, hizi ni hadithi za mababu," Winifred alisema.

"Babu yupi? Yule mjane ni mama yangu. Hakupona. Tulimzika Ijumaa."

Winifred akafungua droo, akatoa karatasi. "Hapa ulikubali kwamba ni mapokeo. Kidole si chako hiki?"

Mukandekezi akakitazama kama kidole cha mtu mwingine. "Hukunisomea."

"Hukuniomba."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomchoma kuliko wizi wenyewe.

"Tukichapa tena nitarekebisha," Winifred alisema, akimsindikiza mlangoni.

Wamekwisha kuchapa tena. Ishimwe alikikagua kitabu kipya jalada hadi jalada, akapata picha mpya ya majirani wakicheka na makaa yao. Akachukua kalamu ya risasi. "Nikuandike jina hapa, mama?"

"Acha. Aliyenificha ndiye atakayenitaja."

Basi deni lipo kwa Winifred. Kwanza aseme moto ule aliuchukua kwa nani, kama watoto wa Karagwe walivyosema. Pili arudishe ukurasa wa mwisho, ule ambao majirani hawaji na gae linarudi baridi.