Mkono Uliochora Harusi ya Kana

Mpaka leo nikikumbuka kile kikao damu inanichemka. Ati nimbadilishe mkono!

Ngoja nianze vizuri. Mimi ni mchoraji wa chapa hapa Kaloleni, Voi. Napaka nta juu ya bamba la shaba, nachora kwa sindano, kisha tindikali inakula pale nilipokwaruza. Nikishatia wino nagandamiza karatasi juu yake, na picha inatoka kinyume: cha kulia kinahamia kushoto. Kwa hiyo kwenye bamba lazima nichore kinyume, ndiyo karatasi iseme kweli.

Mwaka jana nilitengeneza chapa kadhaa za kumuenzi mwanamke aliyechora ukuta wa kanisa letu dogo huko juu, upande wa Bura, enzi za wakoloni. Alichora harusi ya Kana kwa udongo mwekundu, majivu na makaa, na pale mezani akaweka sufuria ya kimanga, chakula chetu Wataita cha kupondwa. Watu wamesali mbele ya ukuta ule miaka nenda miaka rudi, na ukiuliza nani alichora utaambiwa, "Ni padre mmoja Mzungu." Padre! Padre gani huyo wa kukumbuka kimanga? Jamani, mgala muue na haki yake umpe.

Binti yake bado yuko hai, nyanya mkongwe anayelima sukumawiki, na ombi lake kwangu lilikuwa moja tu: aione picha ya mama yake imetundikwa kwenye ukumbi wa kanisa kabla hajafumba macho. Ndiye aliyenieleza kwamba mama yake alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Shuleni waliufunga kwa kamba ili auache. Hakuuacha, akachora nao. Chapa yangu kubwa inamwonyesha hivyo hivyo, brashi kushoto.

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa alikuwa amepita kwangu kazi ikiendelea. Aliliona bamba, akalisifu sana. Siku ya kikao nikafungua karatasi, uso ukamkunjamana.

"Dada, umeharibu. Kule kwa shaba alikuwa anatumia mkono wa kulia, vizuri kabisa. Sasa huu wa kushoto, kanisani? Watu watasema nini? Afadhali tutundike lile bamba."

Ebo! Nilimweleza habari ya kinyume mpaka mate yakanikauka. Akatikisa kichwa kwa ule upole wa watu wa kamati.

"Tumekuelewa, dada. Lakini kugeuza si unajua? Geuza tu."

Wenzake wakaitikia kama wako misani. Hakuna aliyesema hapana. Akufukuzaye hakwambii toka. Nilikasirika, nikaanza kukusanya karatasi zangu. Mtu mzima na akili zake anaona aibu ya mkono, haoni aibu ya kumpa padre kazi ya mwanamke!

Nyanya alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma muda wote huo. Akainuka kwa taabu, akaegemea mkongojo wake.

"Mwenyekiti, mwanangu, huo mkono wa mama hamuutaki?"

"Si hivyo, nyanya. Ni vile tu watu..."

"Basi leteni chokaa mpake ukuta. Wote ameuchora na mkono huo. Anzeni na Yesu."