Taa Iliyozibwa Pumzi

Mama Billy alipolileta gari mara ya tatu, Wangila hakuinuka. Alikuwa ameketi juu ya betri kuukuu nje ya kibanda chake, karibu na steji ya matatu ya Kawangware 56, akinyoosha mgongo uliokuwa ukimsumbua tangu mvua zianze. Aliliona gari jeupe likikata kona, akaiona taa ya kushoto imejaa ukungu ndani ya kioo. Akashusha pumzi.

Alikuwa fundi wa stima, yaani umeme wa magari, kwa miaka ishirini na sita, tangu alipotoka Bungoma. Watu walimtumia wateja kwa sababu kazi yake hairudi. Hii ilikuwa imerudi mara mbili.

"Fundi, mimi nimechoka," Mama Billy alisema kabla hata ya salamu. Jina lake ni Risper. Anaishi Kibera, na kila siku, kabla jua halijatoka, huchukua watoto wa mtaa wa Nyayo Highrise kuwapeleka shule. "Jumanne nusura nigonge mzee hapo kwa geti ya shule. Taa inajimulika yenyewe tu, haifiki kwa barabara."

"Aliumia?"

"Aliruka kwa mtaro. Nilimwinua mimi mwenyewe, watoto wakilia ndani ya gari."

Wangila alichukua spana, akafungua bampa, akaitoa taa na kuigeuza juani. Mara ya kwanza alikuwa ameikausha, akapaka silikoni kwenye ukingo wa kioo. Mara ya pili alipaka zaidi, kila mahali alipoona pengo. Sasa alipitisha kidole nyuma ya taa, polepole. Chini ya balbu alikuta donge la silikoni lenye alama ya dole gumba. Lake. Alilibandua kwa kisu, na ndani yake kulikuwa na kijibomba chembamba cha mpira chenye tundu.

Alikijua. Taa ikiwaka, hewa ya ndani hupata joto na kutoka kwa tundu hilo. Ikizimwa, nyingine huingia. Maji yalikuwa yakipenya kwenye mfuniko wa balbu uliopasuka, na yakishaingia, unyevu haukuwa na pa kutokea. Alikuwa ameliziba tundu yeye mwenyewe.

Angeweza kusema ni mvua. Mama Billy asingejua.

"Mama Billy, hii makosa ni yangu," alisema. "Nilifunga mahali taa inapumulia. Na huu mfuniko wa balbu umepasuka, sikuuangalia."

Mama Billy alimkazia macho. "Yaani huyo mzee..."

"Najua."

Mama Billy akaketi juu ya tairi, mikono mapajani. "Tengeneza," alisema.

Bridgit wa saluni ya jirani alimwazima mashine ya kukausha nywele, mteja wake akabaki na kichwa kilichokauka nusu. Wangila alilainisha gundi kwa ule moto, akatenganisha kioo, akafuta na kukausha ndani. Alizibua tundu kwa waya, akaweka mfuniko mpya, akakirudisha kioo na kuifunga taa garini. Kisha akaimwagia taa maji ya mtungi mzima. Wote wawili wakainama kuangalia. Ndani kulikuwa kukavu. Mama Billy alitikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Ijumaa alipiga simu. "Fundi, asubuhi kumekuwa na ukungu kidogo kwa kona."

Wangila akaikaza simu sikioni. "Sasa hivi?"

"Umeisha. Nimewasha taa kidogo tu, ukapotea."

"Hiyo ni sawa. Inapumua."

"Sawa basi," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na hasira.

Baada ya simu Wangila alikaa akiwaza magari mengine aliyoyapaka silikoni vivyo hivyo mwaka huu. Alikumbuka saba. Alianza na Mburu, mwenye pikapu ya mboga, akamwambia ukweli na kumwomba aje. Mburu alimfokea, lakini alikuja. Alipofika, Wangila alijishika mgongo, akapiga magoti mbele ya bampa, spana mkononi.