Udongo Uliomkataa Naishiye

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Sombetini alibandika kikaango chenye kutu jikoni, akitaka moto ukisafishe. Harufu ya chuma na vumbi kavu ikaingia dirishani kwangu, nikaacha kufua, nikakaa chini. Nina jambo la kuwaambia ninyi, kwa sababu anayestahili kuambiwa sijamwambia mpaka leo.

Kwetu ni Oldonyo Sambu. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, ndiye aliyetengeneza olkaria, rangi nyekundu ya kupaka vijana wanaotoka jando. Jumapili aliimba kwaya kwa Walutheri, Jumatatu akakaanga udongo, wala hakuona tatizo. Udongo wenyewe ulikuwa wa kahawia, hauna lolote la kutazamwa, tukiuchimba korongoni. Lakini ukikaangwa polepole huku ukikorogwa kwa kijiti, uliiva ukawa mwekundu hasa. Kisha ulisagwa na kuchanganywa na mafuta ya kondoo.

Kaka yangu alipokaribia kutoka jando nilikuwa na miaka kumi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimebeba udongo ule mgongoni, na nilijiambia kuwa safari hii kikaango ni changu. Basi akaletwa Naishiye kutoka Kikatiti. Mama yake, shangazi yangu, alikuwa amefariki, na Koko akamchukua. Alinizidi mwaka mmoja, mpole, fundi wa kusuka nywele, kila mgeni akimsifu. Alilala kwa Koko, kwenye ngozi niliyokuwa nikilala mimi. Nilimwonea wivu mchana na usiku. Hata msiba wake niliuonea wivu, maana ulimpatia kikombe cha kwanza cha maziwa.

Siku tatu kabla ya sherehe Koko akasema, "Naishiye atakaanga. Sinyati, wewe utachota maji."

Maji! Kazi ambayo hata punda wetu aliifanya bila kusifiwa.

Nyumbani kwetu waliamini kwamba udongo ule haukubali kuwa mwekundu mkononi mwa mtu mwenye kinyongo na familia. Hilo ndilo lililonipa wazo. Wanawake walipokwenda shambani, niliumwaga udongo wa Naishiye nyuma ya zizi, nikaujaza mfuko wake kwa udongo niliouchimbua kwa kucha karibu na mfereji, wa rangi ileile, wenye samadi ndani.

Kesho yake Naishiye alikaanga mbele ya mama zetu wote. Udongo ukafuka moshi, ukanuka, ukawa mweusi. Alikoroga, akakoroga, jasho na machozi vikimtiririka pamoja. Mama mmoja akauliza, "Mtoto, una nini na sisi?" Naishiye akajibu kwa sauti ndogo, "Sina kitu, mama. Nawapenda."

Koko aliuchota ule udongo, akausugua kati ya vidole, akanitazama. Halafu akasema, "Umemkataa. Sinyati, njoo wewe." Akatoa mfuko mwingine aliokuwa ameuweka akiba, nikakaanga, ukaiva vizuri, wakanipigia vigelegele. Nilipokuwa nakoroga aliinama sikioni kwangu: "Osha hizo kucha kabla wageni hawajafika." Nilidhani anajali usafi. Naishiye alipelekwa kuchunga ndama, na usiku huo ile ngozi ikarudi kwangu.

Kidato cha pili mwalimu wetu wa jiografia alishika jiwe la kahawia na kulitaja jina: limonaiti. Alisema ni chuma kilichoshikana na maji, ukikichoma maji yanatoka, wekundu unabaki. Darasa zima likaandika. Mimi peke yangu niliwahi kuona kwa macho, na sikuweza kunyoosha mkono. Mwalimu hakutaja moyo wa mtu popote. Hapo ndipo nilipozikumbuka kucha zangu, nikaelewa kwamba Koko alijua. Alinificha mimi, akamwacha Naishiye aonekane mbaya. Kumbe nilikuwa nikimwonea mwenzangu wivu kwa mapenzi ambayo yote yalikuwa yangu.

Koko amekwisha kufariki. Mwaka jana mwanangu alitoka jando, na Naishiye alikuja kutoka Kikatiti, alikorudi kuolewa, na ndizi na watoto wake wanne. Udongo wa korongoni ulikuwa tayari. Nikamsogezea kikaango, nikamwambia, "Dada, leo kaanga wewe."

Akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo, mwanamke mzima, akacheka kidogo. "Mimi hapana, Sinyati. Nisije nikamharibia mtoto siku yake."

Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Mama mkwe alikuwepo, majirani walikuwepo, mwanangu alikuwa anasubiri. Nikashika kijiti, nikakaanga mwenyewe, na yeye akaenda kuchota maji.