Siku Niliyotumwa Mwandiga

Niliondoka asubuhi mama akiwa hai, nikarudi alasiri nikakuta ameshazikwa. Harufu ndiyo iliyonipa habari kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Chumba chetu cha Kasingirima, ambacho kwa miezi minne kilinuka uji, jasho na mawese niliyomkandia miguu iliyovimba, sasa kilinuka kafuri. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani na sakafu ilikuwa bado mbichi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kulia, ni kuinua mto kutafuta rozari yake. Haikuwepo.

Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka Kongo mwaka ule wa vita, mama na mimi, kwenye boti iliyojaa watu na magodoro. Wenzetu wengi walipandishwa malori kwenda kambini. Mama hakuweza kusimama kwenye foleni, achilia mbali kupanda lori. Moyo wake ulikuwa mbovu, akitembea hatua kumi anatafuta pa kukaa. Bi Mwanaidi, mjane wa Ujiji aliyekuwa akianika dagaa pale ufukweni, alitutazama kwa muda, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Huyu hafiki huko. Twendeni kwangu." Akatupa chumba cha uani, naye hakutuuliza dini. Aliijua tu, siku ya kwanza, mama alipoitoa rozari yake ya mbao kifuani.

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia uji na kumgeuza ubavu. Kila alfajiri, baada ya kuswali, Bi Mwanaidi aliingia akakaa upande wa ukutani, akasoma Yasini kwa sauti ya chini. Mimi nilikaa upande wa mlangoni na Salamu Maria zangu. Mwanzoni tulipishana, mmoja akinyamaza ndipo mwingine anaanza. Baadaye tukazoea kwenda pamoja. Nilikuwa nimeanza kuona sala kama kitu cha watu wazima tu, lakini katikati ya zile sauti mbili pumzi za mama zilipungua kasi, na mimi nikaacha kuogopa. Nikaamini kweli, kwa mara ya kwanza, kwamba kuna anayesikiliza. Mama hakukataa chochote cha nyumba ile. Bi Mwanaidi alimletea chai ya tangawizi iliyomchoma kifua, naye aliimaliza na kusema ahsante dada, nzuri sana. Akitoka, mama alinishika mkono akasema, "Tuko kwa watu, mwanangu."

Asubuhi ile alinituma Mwandiga kumwita mdogo wake, mama Furaha, aliyekuwa akifanya kibarua cha kulima huko. "Usikimbie," aliniambia. "Pumzika njiani." Nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta shambani, ikabidi akaombe ruhusa, kisha tukangoja gari. Mama alikuwa amefariki hata sijafika nusu ya njia. Waliomwosha ni Bi Mwanaidi na jirani yake mmoja. Wakamvika sanda, na baada ya adhuhuri wanaume wakambeba kwenda makaburi ya Waislamu.

Kwetu maiti hulindwa na watu huimba mpaka ndugu wote wafike. Mama Furaha alisimama uani na viatu mkononi. "Munamuzika mutu bila ndugu yake kumuona? Dada yangu alibatizwa. Mulijua."

"Nilijua," Bi Mwanaidi alijibu. "Juzi mchana, huyu mtoto akiwa bombani, alitamka shahada. Nimeisikia kwa masikio yangu. Baada ya hapo alikuwa wa kwetu, na wa kwetu akifa halazwi hadi kesho bila kuzikwa."

"Ulimuomba atamke?"

Bi Mwanaidi alifuta mikono kwenye kanga. "Nilimwambia ni maneno ya kumpa raha."

Nilikumbuka ile chai iliyomchoma kifua, na ahsante yake. Jioni walikuja akina mama wa kanisa waliotoka kwetu Kongo, hawajui waimbie wapi. Bi Mwanaidi mwenyewe alitandika mikeka uani kwake, akawachemshia chai, akakaa kizingitini mpaka wimbo wa mwisho. Kisha akaniwekea tasbihi yake kiganjani. "Ya mama yako imepotea, hesabu kwa hii." Nilisali kumi kumi kama kwenye rozari, lakini punje zake ni tisini na tisa, kwa hiyo kila nilipomaliza duru ilipungua moja. Hiyo moja nilimsalia mama bila punje. Hivyo ndivyo nilivyopata usingizi kwa wiki zile, na mpaka leo ndivyo ninavyosali.

Siku hizi ndugu zangu wa Kongo ninawapata kwa simu kabla maji ya chai hayajachemka. Asubuhi kama ile ingeamuliwa na watu kumi, na labda wangegombana. Mwaka jana nilikwenda kumsalimu Bi Mwanaidi, ambaye macho yake sasa yameingia ukungu. Alikuwa ameushika mkono wangu muda mrefu aliposema, "Rozari ya mama yako haikupotea. Ilikuwa mkononi mwake. Tulijaribu kumfungua vidole, vikakataa, nikaogopa kumvunja. Tukamkafini nayo ndani ya sanda. Sikumwambia imamu."

"Aliishika lini?" nilimuuliza. "Alikuwa akisali nayo?"

"Sijui, mwanangu. Nilipoingia alikuwa ameshakata roho."

Mwezi huu nimelijengea kaburi la mama. Fundi ameshasakafia, akaacha nafasi upande wa kichwani, na jana alinipigia tena kuuliza aandike nini. Nimemwambia angoje.